Sura ya Saba: Weka Kidole Panapouma

"Nyonga inaniuma mwezi wa sita sasa. Dawa nimemeza, sindano nimechomwa, eksirei nimepiga wakasema haina kitu. Mbona haiponi?"

Swali hili husikika kwenye benchi la kliniki, sokoni, hata msibani, watu wazima wanapojaribu kuinuka kwenye mkeka. Anayeliuliza huwa ameshapewa majibu mengi. Mmoja kamwambia ni baridi. Mwingine kamwambia ni umri, au uzito, au mafuta ya kiungo yamekauka. Mwingine kamkataza nyama na maharage kwa sababu ya gauti, ingawa gauti hupenda kidole gumba cha mguu, kifundo na goti, na ni nadra sana kukaa kwenye nyonga. Kila jibu limekuja na dawa yake, na kila dawa imelipiwa.

Kinachokosekana mara nyingi ni hatua ya kwanza kabisa: hakuna aliyebaini ni kitu gani hasa kinachouma. Eneo tunaloliita nyonga lina kiungo kilicho ndani kabisa, lina misuli na kano zake ubavuni, na linapitiwa na mishipa ya fahamu inayotoka mgongoni. Vyote hivyo vinaweza kuuma kwa miezi. Dawa ya maumivu hutuliza popote panapouma, kisha nguvu yake ikiisha maumivu yanarudi, kwa sababu chanzo hakijaguswa. Sura hii inaanza na kazi ambayo unaweza kuifanya mwenyewe leo, bila kipimo chochote.

Kidole kimoja, sehemu tatu

Simama. Kwa kidole kimoja, onyesha mahali panapouma zaidi. Usipapase eneo zima. Chagua pahala pamoja.

Ikiwa kidole kimekwenda mbele, kwenye mkunjo ambapo paja linakutana na tumbo, hapo ni kinena, na kiungo chenyewe cha nyonga kiko nyuma yake, ndani kabisa. Wengi hushangaa kusikia hivyo, kwa sababu wamezoea kudhani kiungo kiko ubavuni, pale mkono unapokaa mtu anaposhika kiuno. Mgonjwa wa kiungo chenyewe mara nyingi haonyeshi kwa kidole kimoja; hukumbatia nyonga kwa kiganja, kidole gumba kikiwa nyuma na vingine vikiingia kinenani, na kusema, "Ni huku ndani."

Ikiwa kidole kimekwenda ubavuni, juu ya mfupa mgumu unaojitokeza sehemu ya juu ya paja, tatizo huenda ni la kano. Kano ni kamba ngumu zinazoshikiza misuli kwenye mfupa.

Ikiwa kidole kimekwenda nyuma, kwenye kalio, hasa kama maumivu yanateremka kwenye mguu, mgongo ndio wa kushukiwa kwanza.

Sasa fanya jambo la pili. Jaribu kuvaa soksi, au kukata kucha za mguu wa upande unaouma. Kiungo cha nyonga kinapougua, mwendo wa kwanza kupotea ni ule wa kuzungusha paja kuelekea ndani, kisha ule wa kulikunja sana. Mtu huanza kuvishwa viatu na mtoto wake, au hushindwa kupitisha mguu juu ya siti ya bodaboda. Mwenye tatizo la kano za ubavuni anaweza kuvaa soksi vizuri tu, ila usiku hawezi kulalia upande ule.

Kuna mtego mmoja ambao ni lazima utajwe mapema. Mishipa ya fahamu inayohudumia kiungo cha nyonga inahudumia goti pia, kwa hiyo nyonga inaweza kuugua na goti ndilo likauma. Wapo waliopigwa eksirei ya goti mara tatu, zote safi, wakati ugonjwa ulikuwa juu. Goti linalouma lakini halijavimba, halina joto, na likibonyezwa haliumi, ni sababu ya kutosha kumwomba daktari aizungushe nyonga aone.

*Kwa ufupi:* kinena huelekeza kwenye kiungo. Ubavu huelekeza kwenye kano. Kalio na mguu huelekeza kwenye mgongo. Huu ni mwanzo wa uchunguzi. Daktari ndiye anayeumalizia.

Kiungo kinachobeba kuliko tunavyodhani

Nyonga ni mahali ambapo kichwa cha mviringo cha mfupa wa paja kinakaa ndani ya kikombe kilichomo kwenye mfupa wa nyonga. Kichwa na kikombe vimefunikwa kwa gegedu, utando laini na mgumu unaoteleza, kama ule mweupe unaouona mwishoni mwa mfupa wa kuku. Pembezoni mwa kikombe kuna ukingo wa nyama ngumu unaokishika kichwa kisichomoke, na kuzunguka vyote kuna mfuko wenye ute kidogo wa kulainisha.

Ute huo hauishi kama mafuta ya gari. Mwili unautengeneza kila siku. Kinachochakaa ni gegedu, na gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake hulifikia kwa njia ya ute, na mwendo ndio unaousukuma ute huo ndani yake. Hii ndiyo sababu kiungo kilichowekwa kitandani kwa miezi huzidi kudhoofika.

Tukisimama kwa miguu miwili, nyonga hugawana mzigo. Lakini kutembea ni kusimama kwa mguu mmoja mara elfu nyingi kwa siku, na kila mara nyonga ya mguu uliokanyaga hubeba takriban mara mbili na nusu hadi tatu ya uzito wa mwili mzima. Inakuwaje ibebe zaidi ya uzito uliopo? Fikiria watoto kwenye ubao wa bembea. Aliyekaa mbali na kiini anaweza kumnyanyua aliye mzito kuliko yeye, mradi huyo mzito amekaa karibu. Uzito wa mwili wako uko mbali na nyonga, katikati ya mwili. Misuli ya ubavuni inayokuzuia usianguke iko karibu nayo. Misuli hiyo hulazimika kuvuta kwa nguvu mara mbili ya uzito wenyewe, na nguvu zote mbili huishia ndani ya kiungo.

Kutokana na hesabu hiyo tunapata mambo mawili yenye faida kubwa. La kwanza: kila kilo moja inayopungua mwilini huiondolea nyonga karibu kilo tatu katika kila hatua. La pili: fimbo hushikwa mkono wa upande *usiouma*. Nyonga ya kulia ikiuma, fimbo iwe mkono wa kushoto. Ikishikwa mkono wa upande ule ule unaouma, kama watu wengi wanavyofanya, mzigo haupungui inavyotakiwa, na mtu huishia kuyumba. Fimbo ya mti iliyokatwa kwa kimo sahihi, mpini wake ukifika kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono unaposimama wima, inafanya kazi ambayo vidonge vingi haviwezi.

Maumivu ya ubavuni

Chukua mfano wa mama lishe wa miaka 50 hivi. Anasimama jikoni toka alfajiri, uzito wote kwenye mguu mmoja, nyonga imetupwa pembeni. Jioni anambeba mjukuu ubavuni. Usiku anageuka upande wa kulia, maumivu yanamwamsha. Anageukia kushoto, mguu wa juu unaning'inia mbele, ule ule wa kulia unauma tena. Kupanda ngazi kunamchoma. Eksirei haionyeshi kitu.

Huyu huambiwa ana uvimbe wa kifuko cha ute kilicho juu ya mfupa wa paja. Kifuko hicho kipo, na wakati mwingine huvimba kweli, lakini mara nyingi kinachougua ni kano za misuli ya kalio zinapojishikiza kwenye mfupa ule. Huwapata zaidi wanawake wa umri wa miaka 40 hadi 60. Kano hizo zinachukia jambo moja kuliko yote: kubanwa juu ya mfupa. Kusimama kwa kutupa nyonga pembeni kunazibana. Kukunja nne kunazibana. Kulalia upande huo kunazibana, na kulalia upande mzima bila mto kati ya magoti kunazibana pia, kwa sababu paja la juu linaanguka kuvuka mwili.

Hata yale mazoezi ya kujinyoosha, ambayo mtu huvuta goti kuelekea bega la upande wa pili, huzibana kano hizo kwa nguvu. Wagonjwa wengi huyafanya kwa bidii kila asubuhi wakidhani wanajitibu, na ndiyo yanayowarudisha nyuma. Yaacheni.

Mwaka 2018 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya jaribio la watu 204 wenye tatizo hili. Kundi moja lilifundishwa jinsi ya kuepuka kuzibana kano na kupewa mazoezi ya kuimarisha misuli. Kundi la pili lilichomwa sindano ya steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe. Kundi la tatu lilipewa ushauri mfupi na kusubiri. Baada ya wiki nane, zaidi ya robo tatu ya waliofanya mazoezi walisema hali yao imekuwa bora. Kwa waliochomwa sindano ilikuwa asilimia 58 hivi, na kwa waliosubiri, chini ya theluthi moja. Mwaka mmoja baadaye kundi la mazoezi bado liliongoza. Sindano ina nafasi yake kwa mtu asiyelala kabisa kwa maumivu, lakini mtu anayechomwa ya pili, ya tatu na ya nne bila kufundishwa namna ya kusimama na kulala ananyimwa tiba iliyo bora na ya bei nafuu.

Maumivu ya kinenani

Hapa tunaingia kwenye kiungo chenyewe, na hapa ndipo vitabu vilivyoandikwa Ulaya vinapoweza kutupotosha. Vitabu hivyo huanza na uzee. Kwao, sababu kubwa ya nyonga kuharibika ni kuchakaa kwa gegedu, ugonjwa unaoitwa osteoathritisi. Huku kwetu kuchakaa kupo, ila goti ndilo linalochakaa zaidi. Nyonga zinazofika kwa mpasuaji mara nyingi ni za watu ambao bado ni vijana, na sababu yake ni nyingine. Malawi ilianzisha rejista ya kitaifa ya upasuaji wa viungo bandia mwaka 2005, na katika miaka yake ya mwanzo sababu iliyoongoza ya kubadilisha nyonga ilikuwa mfupa kufa kwa kukosa damu.

*Kuchakaa.* Dalili zake huja polepole kwa miaka. Asubuhi kiungo ni kigumu, lakini kwa kawaida hulegea ndani ya nusu saa. Ugumu ukidumu saa nzima au zaidi, na viungo vingine vikavimba, hiyo huenda ni baridi yabisi au ndugu zake, yaani magonjwa ambayo kinga ya mwili hushambulia viungo, nayo yana dawa zake maalumu. Ujue pia kwamba picha na maumivu havilingani siku zote: wapo wenye eksirei mbaya wanaolima shamba, na wapo wenye eksirei ya wastani wasiolala. Anayetibiwa ni mtu; picha ni msaidizi.

*Mfupa kukosa damu.* Kichwa cha mfupa wa paja hupata damu kupitia mishipa michache, myembamba. Mishipa hiyo ikiziba au kukatika, sehemu ya mfupa hufa. Mwanzoni umbo lake halibadiliki, ndiyo maana eksirei ya mwanzo husomwa kuwa safi kabisa. Baada ya miezi, ule mfupa uliokufa hupondeka chini ya uzito wa mwili, kichwa hupoteza umviringo wake, na kutoka hapo kiungo kizima huharibika. Kipimo kinachouona ugonjwa mapema ni MRI, inayopiga picha kwa kutumia sumaku. Kwa hiyo yule aliyeambiwa "eksirei haina kitu" na bado kinena kinamuuma mwezi wa sita, anayo haki ya kuuliza: je, mimi ni miongoni mwa walio katika hatari?

Walio katika hatari ni hawa:

- Wenye selimundu, ambayo wengi wanaiita sikoseli. Chembe nyekundu za damu zilizopinda huziba mishipa midogo, na nyonga inaweza kuharibika hata kabla ya miaka 20. Tanzania, Uganda na Kongo ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu. Mgonjwa wa selimundu anayechechemea asiambiwe tu kwamba "ni maumivu yake ya kawaida."
- Waliotumia steroidi kwa dozi kubwa au kwa muda mrefu: prednisoloni, deksamethasoni.
- Wanywaji wa pombe nyingi kwa miaka.
- Wanaoishi na VVU, ambao hatari yao ni kubwa kuliko ya watu wengine.
- Waliowahi kuvunjika shingo ya mfupa wa paja, au ambao nyonga iliwahi kuchomoka katika ajali.

Kuhusu steroidi nina neno zaidi. Zinapotolewa na daktari kwa pumu kali, ugonjwa wa figo au lupasi, huokoa maisha, na mgonjwa asiziache ghafla kwa kusoma sura hii. Kuziacha ghafla kuna hatari yake. Lakini kuna steroidi nyingine zinazoingia mwilini kwa mlango wa nyuma. Kuna wasichana wanaomeza deksamethasoni wanenepe na wajaze makalio, wakiuziwa vidonge dukani bila cheti. Kuna unga usio na lebo unaouzwa kama dawa ya miti shamba ya viungo, ambao mtu akiunywa siku mbili tu anaruka. Katika nchi mbalimbali unga wa namna hiyo umepimwa ukakutwa umechanganywa na steroidi au dawa za maumivu za hospitali. Dawa ya viungo inayoponya kila kitu ndani ya siku mbili inapaswa kukutia hofu. Nafuu ile ni ya kweli, na ndani yake ndimo lilimo jambo linaloweza kuua kichwa cha mfupa wako.

Na kuhusu ajali: nyonga iliyochomoka inatakiwa kurudishwa hospitalini haraka, ikiwezekana ndani ya saa sita, kwa sababu kila saa inayopita kichwa cha mfupa kinaendelea kukosa damu. Majeruhi wa bodaboda aliyepelekwa kwanza kwa mganga wa mifupa akandwe, akafika hospitali siku ya tatu, mara nyingi mfupa umeshaanza kufa.

Ugonjwa ukikamatwa kabla kichwa hakijapondeka, daktari wa mifupa anaweza kutoboa mfupa ili kupunguza shinikizo na kuipa damu nafasi ya kurudi. Haifaulu kila mara. Kikishapondeka, njia iliyobaki mara nyingi ni kubadilisha kiungo.

*Kifua kikuu cha nyonga.* TB haikai kwenye mapafu pekee. Inapoingia kwenye mifupa hupenda uti wa mgongo, kisha nyonga. Huja taratibu: kuchechemea, homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito. Mtu anaweza kuwa nayo bila kikohozi chochote. Dawa za TB hutolewa bure kwenye vituo vya serikali, hunywewa kwa miezi mingi, na zikianza mapema kiungo kinaweza kuokoka. Hii ndiyo hasara kubwa ya kutuliza maumivu kwa mwaka mzima bila kuuliza chanzo: unakuta ugonjwa wenye tiba ya bure umeshakula gegedu lote.

*Ufa wa mfupa.* Mkimbiaji aliyeongeza kilomita ghafla, au kurutu katika mafunzo ya jeshi, akianza kuumwa kinena kila anapokimbia, kisha hata anapotembea, asikaze roho. Shingo ya mfupa wa paja inaweza kuwa na ufa mwembamba usioonekana kwenye eksirei ya kwanza. Akiendelea kukimbia, ufa unaweza kuwa mvunjiko kamili. Apewe magongo, apumzishwe, apimwe.

Kinena kinaweza pia kuuma kwa ngiri, ambayo huleta uvimbe unaotokeza mtu akikohoa au kunyanyua mzigo.

Yanapotoka mgongoni

Maumivu ya kalio yanayoshuka nyuma ya paja hadi chini ya goti, yenye ganzi au kuchoma kama pilipili, yanayozidi ukikaa muda mrefu kwenye basi au ukiinama, kwa kawaida hutoka kwenye uti wa mgongo. Sura ya tano imeyaeleza. Hapa nataja jambo moja tu: mtu anaweza kuwa na vyote viwili, mgongo na nyonga. Daktari asiyemlaza mgonjwa kitandani akaizungusha nyonga yake hajachunguza nyonga, hata kama ameandika dawa.

Mtoto anayechechemea

Mtoto hachechemei kwa deko. Mwenye homa anayekataa kabisa kukanyaga au kuguswa mguu anaweza kuwa na usaha ndani ya kiungo. Hiyo ni dharura ya saa, kwa sababu usaha huharibu gegedu haraka sana. Apelekwe hospitali usiku huo huo. Mtoto wa miaka 4 hadi 8 anayechechemea kwa wiki kadhaa bila homa anaweza kuwa na kichwa cha mfupa kilichokosa damu, ugonjwa ambao madaktari wanauita Perthes. Kijana wa miaka 10 hadi 15, hasa mnene, mwenye maumivu ya paja au goti na mguu uliogeukia nje, kichwa cha mfupa wake kinaweza kuwa kinateleza kutoka mahali pake. Huyo asikanyage tena mpaka apigwe eksirei ya nyonga zote mbili.

Usingoje kliniki ya mwezi ujao

Kwa mtu mzima, nenda hospitali leo ikiwa:

- umeanguka, huwezi kukanyaga, na mguu umekuwa mfupi na kugeukia nje;
- nyonga inauma pamoja na homa na kutetemeka;
- maumivu hayakuachi hata ukilala tuli, na unakonda bila sababu, au uliwahi kutibiwa saratani;
- miguu inaishiwa nguvu, au umeanza kupoteza hisia sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo.

Vidonge, sindano na mwendo

Parasetamoli ni ya kuanzia kwa wengi, ingawa msaada wake kwa nyonga iliyochakaa ni mdogo. Diklofenaki na ibuprofeni zina nguvu zaidi, na ndizo zinazotumika vibaya zaidi. Mtu hununua duka la dawa, humeza asubuhi na jioni kwa miezi, wakati mwingine zote mbili pamoja. Dawa hizi huchubua tumbo mpaka likatoka damu, hupandisha presha na huumiza figo. Mzee mwenye presha anayemeza dawa ya presha na diklofenaki kila siku anavutana na nafsi yake. Zitumike kwa siku chache, kwa dozi ndogo inayotosha, baada ya chakula, na mwenye vidonda vya tumbo, figo au moyo aulize kwanza.

Mazoezi ndiyo tiba inayopuuzwa kwa sababu haina chupa wala bomba la sindano. Kwa nyonga iliyochakaa na kwa kano za ubavuni, ndiyo nguzo. Hayahitaji vifaa: lala chali, kunja magoti, nyanyua makalio, hesabu mpaka tano, shusha. Keti kwenye kiti cha kimo cha kawaida, inuka bila kushika, keti tena taratibu. Simama ukishika ukuta, sogeza mguu pembeni bila kupinda kiwiliwili. Anza na mara nane au kumi, mizunguko miwili, siku tatu kwa wiki, na uongeze kadiri unavyoweza.

Je, yakiuma? Maumivu kidogo wakati wa zoezi si dalili ya kuharibika, mradi yametulia kufikia kesho yake asubuhi. Yakizidi kesho yake, punguza, usiache. Na usihukumu kabla ya wiki kumi na mbili, kwa kuwa misuli haijengwi kwa wiki moja. Wataalamu wa fiziotherapia wapo katika hospitali za rufaa na nyingi za mikoa, na hata kukutana nao mara mbili au tatu kunatosha kujifunza namna sahihi. Anayeshukiwa kuwa na ufa, TB au mfupa uliokosa damu asianze mazoezi haya mpaka daktari aseme.

Nyumbani pia pana tiba. Kibao cha mbuzi na kigoda hukunja nyonga kupita kiasi. Kuna mama waliopata nafuu kwa kuinua tu meza ya kazi na kukaa kwenye kiti. Anayeumia kusujudu anaruhusiwa kuswali akiwa ameketi.

Kubadilisha nyonga

Kiungo kikiwa kimekwisha, mtu halali, hatembei mita mia bila kusimama, na mazoezi na dawa vimejaribiwa vikashindwa, upasuaji wa kuweka nyonga bandia ni mojawapo ya kazi bora kabisa za tiba ya kisasa. Aliyeufanya uaminike ni mpasuaji Mwingereza, John Charnley, katika hospitali ya Wrightington. Kikombe alichokitumia mwanzoni kilitengenezwa kwa Teflon. Kililika ndani ya miaka michache, na wagonjwa wake wakaanza kurudi na maumivu. Charnley hakuficha; aliwafanyia upasuaji upya, akajipachika vipande vya plastiki kwenye paja lake mwenyewe aone mwili unavyoipokea, na mwaka 1962 akaanza kutumia plastiki ngumu zaidi, polithini nzito, pamoja na kichwa kidogo cha chuma. Nyonga bandia za leo ni wajukuu wa ile. Karibu sita katika kila kumi hudumu miaka 25.

Huku kwetu upasuaji huu unafanyika. Dar es Salaam, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996, huufanya, na hospitali kubwa za Nairobi na kwingineko Afrika Mashariki pia. Uliza mapema bima yako inalipia nini hasa, kwa sababu gharama ya kiungo chenyewe mara nyingi ndiyo inayowashinda watu. Mwenye selimundu ahakikishe timu ina mtaalamu wa damu. Hatari zake wakati wa upasuaji ni kubwa zaidi, lakini haimaanishi afungiwe mlango.

Kabla ya tarehe kufika, tengeneza nyumba. Choo cha kuchuchumaa ndicho kikwazo cha kwanza, kwa sababu katika miezi ya mwanzo mkunjo ule unaweza kuichomoa nyonga mpya. Fundi anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu kikawekwa juu ya shimo. Inua kitanda. Ondoa mikeka inayoteleza. Tafuta mto wa kuweka kati ya mapaja usiku na mtu wa kukaa nawe wiki za mwanzo. Wengi husimamishwa na kutembezwa kwa magongo siku ya pili, na shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, ni lazima kurudi hospitali mara moja, kwani damu inaweza kuwa imeganda kwenye mshipa.

Omba upewe karatasi yenye jina la kiungo ulichowekewa na vipimo vyake, uihifadhi pamoja na vyeti vya nyumba. Na maumivu mapya ya kinena au paja katika nyonga bandia, hata baada ya miaka kumi ya raha, yanahitaji eksirei mpya, ilinganishwe na ile ya zamani kuona kama kiungo kimelegea. Picha za zamani usizitupe.